Rivyu: apu ya gazeti niliyolipia nipate habari za visu vya vijana hapa London

Wazazi wenzangu mlioko huku Uingereza, hii nawaandikia nyinyi, maana kila nikifungua grupu la WhatsApp la watu wa nyumbani nakuta skrinshoti ileile, polisi wamekamata visu maelfu kutoka kwa vijana, chini yake emoji za kulia na mtu anaapa mwanawe anamrudisha Tanga kabla ya krismasi. Mimi nimelipia apu ya gazeti moja la hapa karibu mwaka sasa, jina silitaji, ni gazeti kubwa na wengi wenu mnalo kwenye simu, na nililipia kwa sababu moja tu, nina vijana wawili wa kiume wako sekondari nikataka kujua hali ya visu ikoje kikwelikweli. Kwa hiyo rivyu yangu ni ya hilo tu. Mpira, mapishi, mambo ya wasanii, hayo ulizeni wengine.

Nianze na uzuri maana upo. Apu ni nyepesi, haigandi hata kwenye simu ya zamani, taarifa zinaingia haraka, kukitokea jambo mtaani unajua barabara gani imefungwa kabla hujatoka kumfuata mtoto. Na waandishi wao wa mahakamani ni hodari jamani, mtu anakaa Old Bailey, mahakama kubwa ya jinai hapa London, anafuata kesi moja mwanzo mwisho, anakuletea nani alimpigia nani simu, kisu kilinunuliwa wapi, mama wa marehemu alisema nini mbele ya jaji. Hizo nazisoma mpaka mstari wa mwisho na wanangu nawasomesha, sababu zinamwonyesha mtoto jinsi maneno ya kutukanana kwenye Snapchat yanavyoishia mtu kuzikwa na mwingine kufungwa maisha. Kwa hilo nawapongeza kwa moyo wote.

Shida inaanza zikija namba.

Tuchukue habari moja tu niichambue taratibu, ile ya wiki ya Operation Sceptre. Kwa asiyeijua, Sceptre ni operesheni ya visu, ilianza na polisi wa Met hapa London mwaka 2015 alafu ikasambaa, siku hizi vikosi vya England na Wales vinaifanya kwa pamoja kwa wiki nzima, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Wanapekua watu, wanapita kwenye vichaka na bustani kutafuta visu vilivyofichwa, wanawatuma vijana madukani wajaribu kununua kisu ili waone kama muuzaji ataomba kitambulisho, wanaingia mashuleni kuongea na wanafunzi, na wanaweka mapipa ya kusalimisha visu ambapo mtu anatupa bila kuulizwa kitu. Wiki ikiisha kila kikosi kinatoa hesabu yake, zinajumlishwa, inatoka taarifa kwa vyombo vya habari, na magazeti yanaipokea.

Kwenye apu yangu kichwa cha habari kilisema maelfu ya silaha zimekamatwa, na neno vijana limo kwenye sentensi hiyohiyo, juu yake picha ya mvulana kavaa hudi katupa mgongo, mkono nyuma, kashika kisu kirefu chenye meno. Nikaanza kushuka. Namba, alafu kauli ya polisi, alafu kauli ya waziri, alafu tangazo la magodoro, alafu video inajicheza yenyewe, mpaka karibu na mwisho ndio nakuta mstari mmoja mwembamba kwamba sehemu kubwa ya silaha hizo zilitoka kwenye mapipa. Mapipa! Yaani mtu katoka nyumbani kwake kwa hiari yake kaenda kutupa kisu. Na pipa halijui umri wa mtu, anaweza kuwa bibi aliyefiwa na mumewe anasafisha stoo, anaweza kuwa mwenye mgahawa anabadilisha vyombo, anaweza kweli kuwa kijana aliyeamua kuachana na mambo hayo, na huyo ndiye tungependa sana kumjua lakini kwenye hesabu hayupo peke yake, kachanganywa na stoo ya bibi.

Chini kulikuwa na picha ya pili, meza ya polisi, nikaikuza kwa vidole. Mbele kabisa mapanga mawili na upanga ule wa kutundika ukutani, wamepangwa vizuri waonekane, nyuma yake safu kwa safu za visu vya jikoni, vile vya mpini mweusi wa plastiki, visu vya mkate, kimoja kina kibandiko cha bei bado kimeganda kwenye bapa. Ndio silaha zetu hizo. Sisemi kisu cha jikoni hakiui, kinaua, tena kwenye takwimu za mauaji za ofisi ya takwimu ya taifa, ONS, kisu cha jikoni ndicho kinaongoza miongoni mwa visu vilivyoua watu. Ila basi kama ni hivo kwa nini picha kubwa ya juu kila siku ni ya kile kisu kirefu chenye meno wanachokiita cha zombi? Msomaji anabaki anaogopa kitu kimoja wakati kinachoua zaidi kiko kwenye droo ya kila nyumba, na mzazi anakagua begi la shule wala hahesabu visu vya jikoni kwake.

Na polisi wenyewe wanachangia, tusiwaonee waandishi peke yao. Mwaka 2018 kikosi kimoja cha London kiliweka mtandaoni picha ya vitu vilivyopatikana kwenye msako wa silaha, watu wakaangalia wakaona koleo na mkasi, picha ikazunguka kweli. Watu wengi waliishia kuchekea hiyo picha, mimi naona jambo lenyewe ni zito sana, sababu hivi vitu vikishaingia kwenye jumla ya mwezi havina tena sura, vinakuwa namba tu, na namba ndiyo inayokuja kwenye simu yangu saa moja asubuhi.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi zaidi. Idadi ya visu vilivyokamatwa inakuonyesha polisi wamefanya kazi kiasi gani, haikuonyeshi watoto wangapi wanabeba visu. Mvuvi akiongeza nyavu atarudi na samaki wengi, hakuna anayesema bahari imezaa. Angalieni upekuzi wa barabarani England na Wales ulivyopanda na kushuka. Mwaka 2010/11 ulikuwa kama milioni 1.2, Theresa May akiwa waziri wa mambo ya ndani akaubana kwa mpango wa mwaka 2014, kufika 2017/18 umeshuka chini ya 300,000, alafu upepo ukageuka, mwaka ulioishia Machi 2021 tukafika kama 700,000. Kwenye mabadiliko makubwa namna hiyo hata kama tabia ya vijana haikubadilika hata chembe, visu vinavyokamatwa lazima vitapanda na kushuka. Na ONS wenyewe wanaandika kabisa kwamba makosa ya kukutwa na kisu yanategemea sana juhudi za polisi. Wameandika, liko pale, lakini kwenye apu niliyolipia sijawahi kukuta mstari huo hata ile sehemu ya chini chini.

Na kuna namba nyingine wanayo na hawaipi kichwa cha habari. Upekuzi mwingi hata hautafuti kisu, unatafuta madawa ya kulevya. Na kwa takwimu za wizara ya mambo ya ndani za miaka ya karibuni, kama 7 kati ya 10 ya hao wanaosimamishwa na kupekuliwa wanaachiwa waende bila hatua yoyote. Na mtu mweusi mwaka ulioishia Machi 2023 alikuwa na uwezekano wa kusimamishwa zaidi ya mara nne ya mzungu. Kijana wangu mkubwa ameshasimamishwa, akiwa na begi la mpira, akapekuliwa pale pale njiani watu wanapita, hakukutwa na kitu, akarudi nyumbani akaniambia mama usijali, tena kwa sauti ya chini, akaingia chumbani. Yeye yuko kwenye hiyo 7 kati ya 10. Mwenye kukutwa na kisu anapata picha ya meza na kichwa cha habari, asiyekutwa na kitu hana habari yake popote, na wao ndio wengi.

Alafu hebu tuulizane, kijana ni nani? Apu hii haijawahi kuniambia. Wizara ya sheria wakisema watoto wana maana ya miaka 10 hadi 17, kwa sababu huku mtoto wa miaka 10 tayari anaweza kushtakiwa. Kuna takwimu za London zinazohesabu walio chini ya 25. Mwandishi anachukua ya chini ya 25 anaandika vijana, msomaji anasoma anaona mtoto wa sare ya shule. Na ukienda kwenye zile takwimu za wizara ya sheria za waliotiwa hatiani au kupewa onyo kwa makosa ya visu na silaha za namna hiyo, miaka ya karibuni watoto wa 10 hadi 17 ni kama asilimia 17 au 18 tu. Waliobaki, zaidi ya watu 8 kati ya 10, ni watu wazima. Nilipowaambia hili akina mama wenzangu tukiwa tunasubiri watoto madrasa, hakuna aliyeniamini mpaka nilipowafungulia ukurasa wenyewe. Na hao ni wasomaji wa kila siku! Wamesoma habari za visu miaka na miaka na kitu cha msingi kama hicho hakijawahi kuwafikia.

Kuna na huu mchezo wa kuunganisha vitu viwili. ONS ina hesabu ya uhalifu wa visu, miaka ya karibuni ni kama makosa 50,000 kwa mwaka England na Wales, hapo ndani kuna mauaji, majaribio ya kuua, kujeruhi, uporaji, vitisho vya kuua, ubakaji na udhalilishaji ambao kisu kilitumika au mtu alitishiwa nacho. Kukutwa na kisu tu mfukoni kunahesabiwa pembeni, ni kosa lingine. Apu yangu inavichukua vyote viwili inavitia kwenye aya moja kana kwamba kimoja ni ushahidi wa kingine, unaondoka unaamini kila kisu kilichookotwa kichakani kilikuwa njiani kwenda kumuua mtu. Na ukichora grafu ya miaka mingi lazima useme nani yumo na nani hayumo, kwa mfano polisi wa Greater Manchester walibadilisha mfumo wao wa kompyuta mwaka 2019 ukawaletea matatizo makubwa, ONS wakalazimika kuwaacha nje ya takwimu za visu kwa kipindi, jiji zima lile. Ukilinganisha mwaka ambao wamo na mwaka ambao hawamo unapata kushuka ambako hakupo. Kwenye grafu ya apu hakuna hata nyota ndogo ya kusema hivyo.

Mwaka wa kuanzia hesabu nao, jamani. Mwaka wa korona watu wote tulijifungia, uhalifu wa barabarani ukaanguka, mwaka uliofuata watu wakatoka, ukapanda, vichwa vya habari vikaandika uhalifu wa visu wapaa. Wapaa kutoka wapi? Kutoka siku ambazo hata basi lilikuwa tupu. Na ile ya mwaka 2019, kwamba mwaka ulioishia Machi 2018 watu 285 waliuawa kwa visu na vitu vya ncha kali, idadi kubwa kabisa tangu hesabu zianze kutunzwa mwaka 1946. Namba ni ya kweli, na ni roho za watu, naomba nisieleweke vibaya, hata moja ni nyingi. Lakini mwaka 1946 England na Wales ilikuwa na watu kama milioni 43, mwaka 2018 ni kama milioni 59, hilo unaliweka kwenye sentensi moja na msomaji anapata picha kamili. Na wengine kati ya waliouawa waliuawa majumbani mwao, na mtu wanayemjua, kama wanawake waliouawa na waume zao, sasa ukiweka picha ya mvulana wa hudi juu ya namba hiyo unakuwa umemtwisha yeye mpaka damu ya ndoa za watu.

Mnaweza kuona kama nawatetea wanaobeba visu. Hapana kabisa. Mwaka 2021 London ilizika vijana 30 wa kati ya miaka 13 na 19 waliouawa, wengi kwa visu, haijawahi kutokea idadi hiyo kwenye rekodi za jiji, na mimi ni mmoja wa wazazi ambao hawakulala vizuri mwaka ule. Ndio maana nataka namba ya kweli. Hofu yenyewe inabebesha watoto visu, muulize mtu yeyote anayefanya kazi na vijana atakwambia mtoto anabeba sababu anaamini wenzake wote wanabeba. Sasa gazeti likimwambia kila wiki kwamba wote wanabeba, na limechukua visu vya stoo vya bibi kutoka kwenye pipa kumthibitishia hivo, nini kinatokea kichwani mwake? Hilo ndilo linaniuma kuliko yote.

Shangazi yangu yuko Tanga anaona skrinshoti hizohizo, ananitumia voisi, mwanangu hao watoto wanatoka kweli nje huko, mbona mnaishi vitani. Nimemweleza mara nyingi. Siku nyingine nilimtumia picha ya lile sanamu la Knife Angel la msanii Alfie Bradley, lililotengenezwa Oswestry kwa visu kama 100,000 vilivyokusanywa na vikosi vyote 43 vya polisi, limekuwa likizungushwa mji kwa mji na watu wanakwenda kulitazama. Ukilisogelea malaika huyo mbawa zake ni bapa tupu za visu, na ukiangalia vizuri ni vitu vya kila namna, kuna visu vya jikoni kama vya kwake na vyangu. Shangazi akasema, kumbe. Picha moja ilimweleza zaidi ya habari zote za gazeti, kwa sababu anaona kwa macho yake vilikuwa visu gani.

Huduma kwa wateja sasa. Niliwaandikia kuhusu ile habari ya Sceptre, kwa heshima kabisa, nikawaonyesha mstari wao wenyewe wa mwisho unavyopingana na kichwa cha habari. Walinijibu kwa ile barua ya mashine, asante kwa maoni yako. Baadaye nikaona kichwa kimebadilishwa, neno zimekamatwa limekuwa zimekusanywa, lakini hakuna tangazo la masahihisho popote, wala walioisambaza ile ya kwanza hawakujua chochote, na skrinshoti ya zamani ndiyo inaendelea kuzunguka mpaka leo. Kama gazeti lenu liko chini ya IPSO, chombo kinachosimamia maadili ya magazeti mengi ya hapa, mjue mna haki ya kulalamika, kanuni yao ya kwanza kabisa ni usahihi, na kichwa cha habari kisichobebwa na habari iliyo chini yake ni kosa kwenye kanuni hiyo. Mkitaka kujitoa kwenye malipo nayo ni kazi, kujiunga unabonyeza mara moja, kujitoa mpaka upige simu usikilize muziki.

Nyota mbili kati ya tano, na zote nawapa waandishi wa mahakamani. Kama unataka kujua kesi fulani imeishaje, lipia. Kama unataka kujua watoto wetu wako kwenye hatari kiasi gani, hela yako iokoe, vya bure ni bora. Ripoti za ONS ni ngumu kidogo mwanzoni, kurasa ndefu, ila kuna muhtasari juu na maelezo ya wazi ya kilichomo na kisichomo, ukizoea huwezi kurudi nyuma. Waangalieni pia waliolazwa hospitali kwa kuchomwa na kitu chenye ncha kali, takwimu za NHS, huduma ya afya ya taifa, hizo miaka ya karibuni ni kama kati ya 3,500 na 5,000 kwa mwaka England, na uzuri wake haziongezeki kwa sababu polisi wamepekua zaidi wiki hiyo. Full Fact wanachambua madai ya wanasiasa na magazeti kwa lugha nyepesi, na kipindi cha More or Less cha BBC Radio 4 nasikiliza nikiwa napika, wanakaa na namba moja mpaka inasema ukweli wake. Waandishi wa mitaani wanaofuatilia mabaraza ya manispaa nao wasidharauliwe, mara nyingi wao ndio wanaouliza pipa lilikuwa wapi na lilifunguliwa lini.

Nami apu nimeshaifuta. ONS wanatoa takwimu za uhalifu kila baada ya miezi mitatu, na inayofuata ikitoka nitaisoma yote, pamoja na zile za wizara ya mambo ya ndani na wizara ya sheria, nirekodi voisi ya Kiswahili niiweke kwenye grupu, nitasema vilivyotoka kwenye mapipa ni vingapi kama wameviandika, waliopekuliwa ni wangapi, na watoto ni wangapi, na mwenye swali aniulize palepale tulitafute pamoja.